API inajibu 200 lakini data haipo: kusaka hitilafu zinazotokana na majina

Kuna aina ya hitilafu isiyoacha alama. Seva imejibu 200, yaani ombi limefanikiwa, mtandao uko sawa, tokeni inakubalika, kumbukumbu za seva hazina kosa hata moja, na bado jina la mteja halionekani kwenye skrini. Wengi huanza kuchokoa ruhusa, wakahamia kwenye kashe, na mwisho wakamlaumu mwenye mtandao. Ushauri wangu ni kuanza na majina: jina la sehemu, la funksheni, la kigezo, la jedwali, la kichwa cha HTTP. Kiolesura cha programu, yaani API, ni mapatano kati ya programu mbili zisizojuana, na mapatano hayo yamebebwa na majina. Herufi moja ikipishana, hakuna upande utakaokisia ulichokusudia.

Kabla ya kufuata dalili yoyote hapa chini, litazame ombi lenyewe likiwa njiani. Tumia `curl -v`, au fungua sehemu ya mtandao kwenye zana za kivinjari. Usitegemee kile ambacho lugha yako inakichapisha baada ya kusoma jibu, maana maktaba ya JSON, muundo wa maandishi wa kubebea data, huenda imeshabadilisha majina bila kukuarifu. Nakili jina lililo kwenye nyaraka, nakili na lililo njiani, yapange moja chini ya jingine kwa herufi za upana sawa, kisha soma herufi kwa herufi. Kazi hii ni ya dakika chache, na mara nyingi inatosha.

## Dalili: jibu ni 200, lakini sehemu moja ni tupu

Hii ndiyo inayosumbua zaidi, kwa hiyo tuikalie.

Funguo za JSON hutofautisha herufi kubwa na ndogo. `customerName`, `customername`, `CustomerName` na `customer_name` ni funguo nne mbalimbali. Ukiomba ufunguo usiokuwepo kwenye JavaScript, hupewi kosa, unapewa `undefined`. Ukiipitisha `undefined` hiyo kwenye `JSON.stringify`, ufunguo mzima unadondoshwa, na anayepokea hajui hata kama ulijaribu kumtumia kitu. Kosa limefanyika kwako, lakini linaonekana kwenye programu ya tatu huko mbele.

Chanzo cha kwanza cha kuchunguza ni mgongano wa mitindo. Walioanzia Java na JavaScript wamezoea mtindo wa ngamia, `customerName`. Wa Python, Ruby na SQL wamezoea mtindo wa nyoka, `customer_name`. Wa C# huanza na herufi kubwa, `CustomerName`. API moja inaweza kubeba mitindo yote mitatu. Chukua Daraja, API ya M-Pesa ya Safaricom, ambayo waandishi wengi wa programu nchini Kenya wameipitia. Tokeni inakuja na `access_token` na `expires_in`, kwa kuwa hayo ni majina ya OAuth 2.0, kanuni za kutoa ruhusa kwa programu, yaliyowekwa na hati ya viwango RFC 6749 mwaka 2012. Ombi la kumletea mteja kidirisha cha PIN kwenye simu lina `BusinessShortCode`, `PartyA` na `CallBackURL`, ile B ya katikati ikiwa kubwa. Taarifa inayorudi kwenye anwani yako ina `stkCallback`, na ndani yake `CallbackMetadata`, b ikiwa ndogo. Anayesoma `CallBackMetadata` kwa kufuata sura ya jina la kwanza atapata tupu ilhali mteja ameshalipa.

Kitu kilekile pia huitwa majina mawili. Namba ya simu ni `PhoneNumber` kwenye taarifa ya malipo ya kidirisha, na ni `MSISDN` kwenye malipo ambayo mteja ameyaanzisha mwenyewe kupitia Paybill. Dawa yake ni faili moja ya mpakani: kila jina la nje linatafsiriwa hapo kuwa jina lako, na baada ya hapo halionekani tena. Ukiona `MSISDN` imefika hadi kwenye jedwali lako la wateja, mpaka umevuja, na siku ukiongeza Airtel Money au Mixx utakuwa na tafsiri za kufanya kila kona ya mfumo.

Chanzo cha pili ni zana inayobadilisha jina bila wewe kujua. Tatu hizi nazikuta mara nyingi:

Kwenye Protocol Buffers, mfumo wa Google wa kuelezea data, unaandika `user_id` ndani ya faili ya `.proto`, lakini ikigeuzwa kuwa JSON inatoka `userId`. Hivyo ndivyo kanuni zao zilivyo. Aliyesoma faili ya `.proto` peke yake ataitafuta `user_id` na hataiona.

Kwenye Java, sehemu ya ndiyo au hapana iliyoitwa `isActive`, yenye kisomaji (getter) `isActive()`, hutolewa na Jackson, maktaba ya JSON ya Java, kama `active`. Maktaba inachukulia `is` kuwa kiambishi cha kisomaji, kama inavyoichukulia `get`. Programu ya simu inasubiri `isActive`, haiipati, na kila akaunti inaonekana imefungwa. Weka `@JsonProperty("isActive")`, au, nipendavyo mimi, iite sehemu hiyo `active` tangu mwanzo.

Kwenye Go, jina linaloanza na herufi ndogo halitoki nje ya pakiti yake. Ukiwa na `jina string` ndani ya muundo wako, `json.Marshal` inakurudishia `{}` bila kulalamika. Andika `Jina` kisha uweke lebo ya JSON kwa herufi ndogo. Ukiweka lebo ukasahau herufi kubwa, `go vet` itakuonya, na ndiyo sababu inafaa iendeshwe kila mara msimbo unapopandishwa.

Chanzo cha tatu kiko upande wa anayepokea: seva inanyamazia majina isiyoyajua. Spring Boot ya Java, kwa mipangilio yake ya awali, huzima ukali wa Jackson dhidi ya sehemu zisizojulikana. Go nayo huziacha zipite usipoita `DisallowUnknownFields`. Mtumaji akiandika `amonut`, ombi linapokelewa, kiasi kinabaki sifuri, na wote wawili wanadhani kazi imekwisha. Msimamo wangu hapa ni mkali: ombi linalotoka nje likiwa na jina usilolijua, likatae kwa 400, yaani ombi bovu, na ulitaje jina hilo kwenye ujumbe wa kosa. Kwenye kusoma majibu fanya kinyume, yavumilie majina mapya, ili mwenye seva aweze kuongeza sehemu bila kuvunja programu za simu ambazo watu hawajazisasisha.

## Dalili: kwenye kompyuta yako inakubali, kwenye seva inagoma

Uliza swali moja: ni nani kati yao anayetofautisha herufi kubwa na ndogo?

Windows na macOS, kwa mipangilio ya kawaida, haziangalii tofauti hiyo kwenye majina ya faili. Linux inaangalia. Ukileta `./user` wakati faili inaitwa `User.js`, kwako itafunguka, seva itasema haipo. MySQL ina tabia inayofanana na hiyo kwenye majina ya majedwali, kwa sababu mpangilio wa `lower_case_table_names` una thamani moja ya kawaida kwenye Windows na nyingine kwenye Linux. Usijaribu kuubadilisha kwenye hifadhidata inayofanya kazi, MySQL 8.0 hairuhusu baada ya kuanzishwa. Yape majedwali yote herufi ndogo, tangu siku ya kwanza.

PostgreSQL ina njia yake. Jina lisilo ndani ya alama za nukuu hugeuzwa kuwa herufi ndogo, kwa hiyo ukiuliza `SELECT customerName FROM orders` utajibiwa kwamba safu ya `customername` haipo, hata kama unaiona kwa macho yako kwenye jedwali. Safu hiyo iliundwa na zana iliyoweka nukuu. Sasa kila swali litahitaji nukuu hizohizo maisha yake yote. Mtindo wa nyoka kwenye hifadhidata, na kuacha maktaba igeuze majina mpakani, kunaiondoa shida hii kabisa.

Kuna toleo la nadra la dalili hii ambalo linachanganya hata wazoefu: programu inavunjika kwa watumiaji wa Uturuki pekee. Kwa kanuni za Kituruki, herufi ndogo ya `I` ni `ı` isiyo na nukta. Msimbo wa Java unaogeuza `ID` kwa `toLowerCase()` kwenye simu iliyowekwa Kituruki unapata `ıd`, na ufunguo `id` haupatikani tena. Majina ya API yageuzwe kwa `toLowerCase(Locale.ROOT)`, popote pale.

## Dalili: kichwa cha HTTP kinapotea njiani

Ulituma `X_Api_Key`, ukajaribu moja kwa moja kwenye programu ikakubali, ukaweka Nginx, seva ya kupokelea maombi, mbele yake ikaanza kujibu 401, yaani hujatambuliwa. Nginx hutupa vichwa vyenye mstari wa chini kwenye jina, isipokuwa umewasha `underscores_in_headers`. Sababu yake ni ya usalama: CGI, mfumo wa zamani wa kuunganisha seva na programu, hugeuza vistari kuwa mistari ya chini, kwa hiyo `X-Api-Key` na `X_Api_Key` zote zinaishia kuwa `HTTP_X_API_KEY`, na mtu mbaya angeweza kupenyeza thamani yake kupitia jina pacha. Usiuwashe mpangilio huo. Badilisha jina, utumie kistari.

Kama kichwa kinafika lakini msimbo wako haukioni, tazama herufi. HTTP inasema majina ya vichwa hayajali ukubwa wa herufi, HTTP/2 ya mwaka 2015 ikalazimisha yapite njiani yakiwa na herufi ndogo, na Node.js huyaweka yote kwa herufi ndogo hata kwenye HTTP/1.1. Kwa hiyo `req.headers['Authorization']` inarudisha `undefined`. Andika `req.headers.authorization`.

## Dalili: unaambiwa jedwali la `mtejas` halipo

Anayetumia Laravel, mfumo wa PHP wa kujengea tovuti, na kuita madarasa yake kwa Kiswahili atakutana na hili mapema. Umeunda darasa `Mteja`, umeunda jedwali `wateja`, na kosa la 1146 la MySQL linakuambia jedwali `mtejas` halipo. Eloquent, sehemu ya Laravel inayozungumza na hifadhidata, huchukua jina la darasa, huliweka katika wingi kwa kanuni za Kiingereza, kisha hutafuta jedwali lenye jina hilo. Rails ya Ruby nayo hufanya hivyo. `Bidhaa` inakuwa `bidhaas`. Django ya Python haigusi jina la jedwali kwa namna hiyo, lakini kwenye ukurasa wake wa usimamizi itaandika "Mtejas", kwa kuwa huongeza tu `s`.

Tiba ni mstari mmoja. Laravel: `protected $table = 'wateja';`. Django: `verbose_name_plural = "Wateja"` ndani ya `Meta`. Rails: `self.table_name = "wateja"`.

Lakini tiba ya mstari mmoja haijibu swali lililo nyuma yake: API yetu iwe kwa lugha gani? Nina maoni hapa na nayatetea. Lugha yoyote kati ya hizo mbili inafaa, mradi iwe moja katika API nzima. Kinachoua ni mchanganyiko ndani ya jina lenyewe. Ukiwa na `getMalipoByMteja` kwenye faili moja na `listPaymentsYaMteja` kwenye nyingine, hakuna mtu, hata wewe mwenyewe baada ya miezi mitatu, atakayekisia jina la tatu. Jina zuri la API ni lile ambalo mtu analikisia kabla ya kufungua nyaraka, na kukisia kunawezekana pale tu palipo na kanuni.

Ninayoyaacha katika Kiswahili, hata kwenye API ya Kiingereza, ni maneno ya biashara ambayo tafsiri yake ingeficha maana. `chama` kwenye mfumo wa vikundi vya akiba ni mfano: ukiita `group`, itagongana na vikundi vya ruhusa za watumiaji, na ukiita `association` hakuna mwanachama atakayejua unasema nini. Andika `/chamas` au `/vyama`, chagua moja, iandike kwenye kanuni za timu, na uipe mashine kazi ya kulinda. Spectral, kwa mfano, inasoma faili ya OpenAPI, yaani maelezo rasmi ya API, na kukataa jina lolote lisilofuata ruwaza uliyoweka. Mabishano ya majina wakati wa kukagua msimbo wa mwenzako huisha siku hiyo.

## Dalili: nambari ipo, lakini muda au tarehe ni ya ajabu

Skrini inaonyesha 20 Januari 1970. Ukiona tarehe ya mwezi huo wa mwaka huo, usihangaike: mtu ametuma sekunde, mwingine amesoma milisekunde. Sekunde 1,700,000,000 tangu mwanzo wa 1970 zinaangukia Novemba 2023. Nambari hiyohiyo ikisomwa kama milisekunde ni siku 19 na kitu. Ukikuta mwaka wa 55,000 na ushei, ni kinyume chake.

Mzizi wa tatizo ni kwamba `timestamp`, `timeout` na `delay` ni majina yasiyotaja kipimo. Angalia jinsi neno moja linavyobeba vipimo vingi: `sleep` ya Unix ni sekunde, `Sleep` ya Windows ni milisekunde, `Thread.sleep` ya Java ni milisekunde, `time.sleep` ya Python ni sekunde. Kwenye Go, `time.Sleep(5)` inakubalika bila onyo na inalala nanosekunde 5, yaani hailali. Ulichotaka ni `5 * time.Second`. Dalili yake ni msimbo wa kujaribu tena unaoishambulia seva kwa kasi wakati wewe unaamini unapumzika kati ya jaribio na jaribio. Nayo Daraja inaposema `Timestamp` inataka mwaka, mwezi, siku, saa, dakika na sekunde zikiwa zimefuatana, tarakimu 14. Ukiisoma kama hesabu ya sekunde, hutapata kitu chenye maana.

Septemba 1999 chombo cha NASA kilichoitwa Mars Climate Orbiter kilipotea kilipofika kwenye sayari ya Mirihi. Programu ya ardhini ilitoa msukumo kwa pauni-nguvu-sekunde, na iliyopokea ilichukulia ni niutoni-sekunde. Nambari zilipita kati ya mifumo miwili bila chochote kilichotaja kipimo chake.

Kwa hiyo kiweke kipimo ndani ya jina: `timeout_ms`, `expires_in_seconds`, `amount_cents`, `weight_kg`. Wanaotengeneza Prometheus, zana ya kufuatilia hali ya mifumo, wameifanya kanuni, vipimo vyao huishia na `_seconds` au `_bytes`. Hifadhidata ya Redis ilitenganisha amri kabisa, `EXPIRE` kwa sekunde na `PEXPIRE` kwa milisekunde. Kwa tarehe, tuma maandishi ya ISO 8601 yenye kanda ya saa, kama `2024-03-05T14:30:00+03:00`, na uiite `created_at`. Hakuna atakayeuliza ni saa za Nairobi au za London.

Kipimo, ndiyo. Aina ya kuhifadhia kwenye kumbukumbu ya mashine, hapana. Windows ina kigezo kiitwacho `wParam`, w ikimaanisha neno la biti 16. Mashine zikahamia biti 32, kisha 64, kigezo kikapanuka nazo, na jina likabaki likitangaza ukubwa ambao haupo tena. Isipokuwa pale ambapo aina yenyewe ndiyo ujumbe: Twitter walipohamia kwenye vitambulisho virefu mwaka 2010 waliongeza `id_str` kando ya `id`, kwa sababu JavaScript haiwezi kushika kwa uhakika kila nambari kamili inayozidi 9,007,199,254,740,991. Kama vitambulisho vyako vinaonekana vimebadilika tarakimu za mwisho kwenye kivinjari, ndiyo hiyo. Vitume kama maandishi.

## Dalili: "is not a function"

Vifupisho. Kivinjari kina `getElementById`, d ikiwa ndogo. Vidole vya wengi huandika `ByID`. Kina pia `innerHTML` na `encodeURIComponent`, vifupisho vikiwa vikubwa, na kina `XMLHttpRequest`, ambayo inaandika kifupisho kimoja kikubwa na kingine kidogo ndani ya jina moja. Kwa API za wengine hakuna la kufanya ila kuacha kihariri kikukamilishie jina. Kwa API yako, chagua: Go wameamua `ID` na `URL` ziwe kubwa zote, wengine huandika `Id` na `Url` kama maneno ya kawaida. Napendelea ya pili kwenye JSON, kwa kuwa `userId` hugeuka `user_id` bila utata, lakini `userID` kwenye baadhi ya zana huzaa `user_i_d`.

## Dalili: funksheni inajibu, lakini jibu si lenyewe

Mpangilio wa vigezo ni sehemu ya jina, hata kama hauonekani. PHP ndiyo darasa zuri zaidi la somo hili: `strpos` inataka kwanza maandishi ya kutafutiwa kisha kinachotafutwa, `in_array` inataka kinachotafutwa kwanza. Ukigeuza kwenye `strpos`, unapata `false` kimyakimya, na tawi la "haipo" la msimbo wako linaendeshwa kana kwamba ndiyo ukweli. Tangu PHP 8.0 ya mwaka 2020 unaweza kutaja vigezo kwa majina: `strpos(haystack: $ujumbe, needle: $neno)`. Fanya hivyo kila vigezo viwili vinapokuwa na aina moja.

Majina yanayokaribiana huleta shida ya aina hiyohiyo. Chukua neno "Mombasa" na nambari 1 na 3. `substr(1, 3)` ya JavaScript inatoa "omb", kwa kuwa 3 ni urefu. `substring(1, 3)` inatoa "om", kwa kuwa 3 ni mahali pa kuishia. `Substring(1, 3)` ya C# inatoa "omb". `SUBSTRING` ya SQL inatoa "Mom", kwa kuwa inahesabu kuanzia moja. Anayehamisha msimbo kutoka lugha moja kwenda nyingine asiamini kufanana kwa jina; apime kwa neno fupi kama hili.

Na kama orodha yako imegeuka `None` kwenye Python, umeandika `orodha = orodha.sort()`. `sort` inapanga orodha palepale na hairudishi kitu. `sorted` inakuachia ya zamani na kukupa mpya. Utofauti wa kitenzi na matokeo yake ni kanuni nzuri ya kuiga, Swift wanaifuata, na JavaScript iliongeza `toSorted` mwaka 2023 kwa haja hiyohiyo.

Chaguo linalofanya kinyume cha ulichoomba huwa limeitwa kwa kukanusha. `disable_sms: false` inamaanisha ujumbe utumwe, na mtu aliyechoka husoma `false` akadhani ameuzima. Iite `sms_enabled`.

## Dalili: msimbo uliokuwa mzima unavunjika baada ya kusasisha lugha

Python 3.7 ilipotoka mwaka 2018, `async` likawa neno la lugha lenyewe. Maktaba zilizokuwa zimeliita hivyo kigezo au faili zilipata `SyntaxError`. Celery, mojawapo ya maktaba hizo, ilibidi ibadilishe jina la moduli kuwa `asynchronous`. Mwaka huohuo wa 2018 JavaScript ilitaka kuongeza `flatten` kwenye orodha, ikagundulika kwamba MooTools, maktaba ya zamani, ilikuwa imeshaweka `flatten` yake kwenye orodha za kivinjari, na tovuti zilizoitegemea zingevunjika. Ikaitwa `flat`. Usiongeze majina yako kwenye vitu vya msingi vya lugha, na ukilazimika kutumia neno ambalo tayari ni la lugha, PEP 8, mwongozo wa mtindo wa Python, inakuruhusu kuongeza mstari wa chini mwishoni, kama `class_`.

## Dalili: data inafutika bila mtu kuifuta

Tafuta anwani inayotumia `GET` yenye kitenzi ndani yake, mathalani `/deleteUser?id=7`. Mwaka 2005 Google walitoa zana iitwayo Web Accelerator, iliyofungua viungo vya ukurasa kabla mtumiaji hajavibonyeza ili kuharakisha kuvinjari. Kwenye mifumo ambayo kufuta kulikuwa kiungo cha kawaida, zana ilifuata viungo hivyo na kufuta vitu vya watu. HTTP inasema `GET` ni ya kusoma tu, na zana iliamini. Weka nomino kwenye anwani na uache kitenzi kibebwe na mbinu ya HTTP: `DELETE /users/7`.

## Umelipata jina bovu. Unalibadilishaje?

Likiwa ndani ya msimbo wako peke yake, libadilishe leo. Likiwa limeshatoka nje, kuna watu usiowajua wanaolitegemea. Kichwa cha `Referer` kiliandikwa kwa r pungufu na kikaingia hivyo kwenye RFC 1945 mwaka 1996; hadi leo kila kivinjari kinakituma kikiwa na kosa hilo, ilhali `Referrer-Policy` iliyokuja baadaye imeandikwa sawa. Unix ina `creat` isiyo na e ya mwisho, na Ken Thompson mwenyewe alipoulizwa angebadilisha nini kama angeianza upya, alitaja e hiyo.

Utaratibu ninaoupendekeza ni huu. Ongeza jina jipya kando ya la zamani, usiondoe kitu. Kwenye majibu, toa yote mawili yakiwa na thamani moja. Kwenye maombi, pokea lolote. Yakija yote mawili yakiwa na thamani tofauti, kataa kwa 400, usijichagulie. Nyaraka zitaje jipya peke yake. Andika kwenye kumbukumbu za seva kila ombi linalobeba jina la zamani pamoja na kitambulisho cha programu iliyolituma, maana bila hilo hutajua kamwe nani amebaki. Waandikie hao moja kwa moja, na kwenye majibu yao weka kichwa cha `Sunset` chenye tarehe ya mwisho, kama RFC 8594 ya mwaka 2019 inavyoelekeza. Tarehe ikifika na kumbukumbu bado zinaonyesha mtu analitumia, sogeza tarehe umpigie simu. Zikiwa tupu kwa mzunguko mzima wa malipo wa wateja wako, pamoja na mwisho wa mwezi na mwisho wa mwaka wa fedha, lifute kwenye toleo jipya la API, na kwa toleo la zamani liache kama lilivyo.